Barua kwa wanangu wa udaktari: acheni kuipima roho kwa mizani

Kwenu wanangu mnaosoma udaktari, uuguzi na maabara, Waislamu kwa Wakristo,

Salamu nyingi. Nawaandikia waziwazi badala ya kuwaita mmoja mmoja nyumbani kwangu, kwa sababu ubishi wenu nao mliufanya waziwazi, tena matangani, wafiwa wakiwa bado hawajainua macho. Upande mmoja ulisema mtu ni ubongo, ubongo ni umeme, umeme ukikatika hakuna aliyebaki, na habari za ahera ni maneno ya kuwaliwaza waliofiwa. Upande wa pili, badala ya kujibu kwa dini, ukatoa simu na kuwasikilizisha watu vilio vya wanaoungua ndani ya kisima kilichochimbwa Urusi mpaka kikatoboa jehanamu. Nilikuwa ndani na kina mama, nikasikia yote.

Mimi ni muuguzi mstaafu, na maiti za wanawake mtaani kwetu naosha mimi na wenzangu. Naamini kuna ahera, sitaki mjiulize niko upande gani. Lakini walioniudhi zaidi siku ile ni hawa wa upande wangu, kwa hiyo nitaanza nao.

Kisima hicho kipo kweli. Kiko rasi ya Kola, kaskazini-magharibi ya Urusi, karibu na mpaka wa Norway, wala si Siberia kama inavyodaiwa. Wasovieti walianza kukichimba mwaka 1970, na kufikia 1989 walikuwa wameshuka mita 12,262. Upana wake ni sentimita 23 hivi, tundu ambalo ndoo ya kisimani haipiti. Walikwama kwa sababu kule chini walikuta joto la nyuzi 180 wakati hesabu zao ziliwaambia watarajie kama 100, na mwamba wenyewe ukawa unalainika na kuziba njia ya keekee. Basi, hiyo ndiyo habari yote. Hadithi ya jehanamu ilienezwa na kituo kimoja cha televisheni cha Kikristo cha Marekani. Mwalimu mmoja wa Norway, aliyechukizwa na wepesi wao wa kuamini, akawatilia chumvi makusudi: akawaambia kiumbe chenye mabawa kama ya popo kilichomoka shimoni. Nacho wakakitangaza bila hata kupiga simu kuuliza. Zile sauti zilikuja baadaye, na waliozifuatilia walizikuta zimechotwa kwenye filamu ya kutisha ya mwaka 1972.

Sasa niambieni, kama jehanamu iko kilomita 12 chini ya ardhi ya Warusi, pepo nayo iko kwenye ramani ya nani? Ahera tumefundishwa kuwa ni katika mambo ya ghaibu, yaani yaliyofichika machoni petu. Ukishaiweka chini ya keekee umeitoa kwenye ghaibu wewe mwenyewe, na siku watu wakichimba wasikute kitu, mwanao ataona dini yote ilikuwa uongo wa simu.

Wapo waliojaribu jambo hilohilo kwa nia safi. Daktari Duncan MacDougall wa Haverhill, Massachusetts, alikiweka kitanda juu ya mizani, akawalaza wagonjwa waliokuwa wanakata roho, akangoja. Matokeo aliyatoa mwaka 1907. Wagonjwa walikuwa sita. Wawili aliwaondoa kwenye hesabu kwa kuwa upimaji ulivurugika, na waliobaki kila mmoja alitoa jibu lake. Hizo gramu 21 mnazozisikia mpaka leo zimetoka kwa mgonjwa mmoja tu, yule wa kwanza. Kisha akapima mbwa 15, hawakupungua, akasema ni kwa kuwa mbwa hana roho. Daktari mwenzake, Augustus Clarke, akamjibu kwamba mapafu yakisimama damu haipati tena cha kuipoza, mwili hupanda joto kidogo na kutoa jasho, na jasho lina uzito. Mbwa hatoki jasho mwilini kama mtu. Mimi kwa jibu hilo la Clarke nilicheka peke yangu, kwa sababu hakuigusa dini hata kidogo. Alimwuliza tu mwenzake kama ameikumbuka ngozi.

Tena kuna lile la fizikia, mlilitaja pia: nishati haipotei, hubadilika tu, kwa hiyo na roho haipotei. Kanuni ni ya kweli, ila hapo haikusaidii. Nishati ya maiti naijua inakokwenda kwa sababu naishika kwa mikono. Inakwenda kwenye maji ya kuoshea, kwenye ubao wa kitanda, kwenye hewa ya chumba. Ukiwahi kuosha utakuta kwapa bado lina uvuguvugu; ukichelewa hulikuti. Inayobaki ndani ya nyama huliwa na bakteria na wadudu wa ardhini. Kama hiyo ndiyo roho unayoitetea, basi umemwambia mfiwa kwamba mama yake yumo ndani ya mchwa.

Kurani imesema wanakuuliza habari ya roho, waambie roho ni katika amri ya Mola wangu, nanyi hamkupewa elimu ila kidogo tu. Na enyi Wakristo, kwenu imeandikwa kuwa imani ni hakika ya mambo yatarajiwayo, ni bayana ya mambo yasiyoonekana. Vitabu vyote viwili havikumtuma mtu akalete mizani.

Nanyi wa upande wa umeme, msicheke mapema. Mlisema sayansi imethibitisha. Ipi? Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa habari za wagonjwa wanne waliokuwa hawana fahamu na wakaondolewa mashine ya kupumulia. Wawili kati yao, wakati wa kufa, ubongo ulilipuka kwa mawimbi ya kasi ambayo kwa mtu mzima wa afya huandamana na fahamu. Wawili wengine hawakuwa nayo. Kabla ya hapo, mwaka 2014, Daktari Sam Parnia na wenzake walikusanya habari za watu 2,060 waliosimama moyo katika hospitali 15 za Uingereza, Marekani na Austria. Waliopona na kuweza kuhojiwa walikuwa 140. Wachache walisimulia mambo yafananayo na safari, nuru, utulivu. Wawili walikumbuka kuona na kusikia yaliyokuwa yakitendeka chumbani, na wa mmoja wao maelezo yake yalilingana na yaliyotokea. Watafiti walikuwa wametundika rafu zenye picha ambazo ni mtu aliye juu darini tu angeziona. Hakuna aliyezitaja, na sehemu kubwa ni kwa kuwa wengi walisimama moyo katika vyumba visivyo na rafu.

Muumini akisoma hayo anaruka: mmeona! Asiyeamini naye anaruka: ubongo ulikuwa bado unafanya kazi! Nawaambia wote wawili wamesoma kisichoandikwa. Watu waliohojiwa ni waliorudi. Huyu ninayemvika sanda mimi hakurudi. Hakuna katika tafiti hizo kipimo cha kilicho baada ya kaburi, wala kipimo cha kuonyesha hakuna kitu. Kipimajoto kikikusomea 37 hakijakuruhusu kuandika kwamba presha ya mgonjwa ni nzuri. Anayesema mtu akifa ameisha, ana haki ya kusema. Wapo wenye akili na wema wanaosema hivyo na sijawahi kuwakatalia kikombe cha chai. Ila aseme kwa jina lake, asiliazime koti jeupe.

Kama mnataka mtu aliyeyabeba yote mawili, msome habari za Ibn al-Nafis, tabibu Muislamu mzaliwa wa Dameski aliyefanya kazi Kairo na kufa mwaka 1288. Tangu Galen, tabibu wa kale wa Kiyunani, waganga walishikilia kuwa damu hupenya kutoka upande wa kulia wa moyo kwenda kushoto kupitia vitundu kwenye ukuta wa kati. Yeye akasema ukuta ule ni mzito, hauna matundu yanayoonekana wala yasiyoonekana. Damu huenda mapafuni kwanza, ikachanganyika na hewa, ndipo ikarudi. Ulaya ilichukua karibu miaka 300 kulifikia jambo hilo. Mtu huyohuyo alitunga hadithi ya kijana aliyekulia peke yake kisiwani, akili yake ikimfikisha kwenye kuamini ufufuo wa mwili. Angalia hapa sasa: kwenye moyo alimpinga Galen kwa hoja za moyo. Hakusema ukuta hauna matundu kwa sababu kuna Kiyama. Na nyumba na vitabu vyake aliviachia hospitali.

Hapo mtadhani nitamaliza kwa kusema kila mmoja abaki uani kwake, sayansi huku, dini kule. Stephen Jay Gould, mwanasayansi wa Marekani, alipendekeza hivyo mwaka 1997, na ni pendekezo la adabu. Lakini mimi nimekaa wodini muda mrefu kiasi kwamba haliniingii lote. Imani ya ahera haikai hewani. Inagusa mwili: nani auoshe, uzikwe lini, upasuliwe au usipasuliwe. Hapo nyua zinaingiliana mtake msitake.

Tazameni Guinea, Liberia na Sierra Leone mwaka 2014. Maiti ya Ebola imejaa virusi, na kuiosha kwa mikono ni kujitia kitanzi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa angalau maambukizi 20 katika kila 100 yalitokana na mazishi. Mwanzoni vikosi vya mavazi meupe vilifika, vikachukua maiti kwenye mfuko, vikaondoka. Watu wakafanya nini? Wakaficha maiti zao, wakaosha usiku. Kwao kumzika mama bila kuoshwa na bila sala lilikuwa kosa litakalomfuata huko aendako. Mwezi Novemba mwaka ule shirika likakaa na taasisi za Kiislamu na za Kikristo, wakatoa utaratibu mpya: familia iulizwe, ishuhudie, sala isomwe, Muislamu atayamamiwe, yaani atoharishwe kwa udongo safi, badala ya kuoshwa kwa maji, na sanda nyeupe iwepo. Masheikh hawakuvunja kitu, maana tayamamu ilikuwemo kwenye fiqhi, sheria za ibada, toka hapo, na madaktari hawakupunguza hata glovu moja. Miaka michache baadaye Beni na Butembo, kwa ndugu zetu wa Kongo, vikosi vya mazishi vilishambuliwa pale watu walipokosa kuaminiana. Mlipuko ule wa Ebola wa Kongo uliua zaidi ya watu 2,200.

Na Shakahola hamjaisahau. Mwaka 2023, msituni karibu na Malindi, Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu wanaodaiwa kufundishwa wafunge mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Mhubiri anayetajwa amekana mashtaka, mahakama ina kazi yake. Mimi nasema la kwangu: nikisikia mtoto ananyimwa uji kwa jina la ahera, sitaki kuambiwa hayo ni ya dini tuyaheshimu. Wapasuaji maiti wa serikali walikuta njaa, na kwa baadhi dalili za kunyongwa au kuzibwa pumzi, watoto wakiwemo. Halafu ni vinasaba vilivyowatambua, na mwezi Machi 2024 familia za kwanza zikakabidhiwa wapendwa wao pale Malindi wakazike kwa sala zao. Bila maabara, wale wangebaki namba.

Mtaajiriwa, mtapangwa zamu ya usiku, na mgonjwa atakushika mkono akuulize anakwenda wapi. Kwanza tazama kama ana maumivu au anakosa pumzi, maana mara nyingi swali hilo linatoka kifuani. Mpe dawa yake. Kisha muulize anataka kumwona nani. Muislamu mgeuzie kibla, asomewe shahada taratibu sikioni, msimkaririe mpaka achoke. Mkatoliki muitie padri kwa mpako wa wagonjwa mapema, wakati bado anajibu. Asiye na dini, kaa naye. Unachoamini wewe hakukiuliza.

Akishafariki, jaza fomu sawasawa. Msiandike mapenzi ya Mungu, na wala msiandike moyo kusimama, kwa kuwa kila aliyekufa moyo wake umesimama. Andika malaria, andika kisukari, andika kutokwa na damu baada ya kujifungua, ili wanaohesabu wajue dawa gani ipelekwe wapi. Mapenzi ya Mungu utayasema ukitoka nje kwa wafiwa, kama nao wanayaamini.

Wasalaam,
Bibi yenu, muuguzi mstaafu, Tanga