Mhariri, kituo_03 ni wapi?

Mhariri, salamu. Naandika kuhusu zile grafu sita za mvua mlizozipanga ukurasa mmoja wiki iliyopita. Nimezikodolea macho weee mpaka mtu wa nyumbani akaniuliza natafuta nini humo.

Kwanza kichwa. Kila kigrafu mmekipachika "Wastani wa mvua kwa mwezi", mara sita kichwa kile kile, halafu jina la kituo cha kupimia mvua, ambalo ndo kitu pekee kinachotofautisha kigrafu hiki na kile, limesukumiwa mwishoni kwa viherufi vya kusomea na miwani. Si mngeandika mara moja tu juu ya zote, kila kigrafu kikabaki na jina la kituo chake basi? Na kizio nacho hakuna. 200 ya nini, milimita au siku?

Mi kazi yangu ni kuchora hivi vitu kwa hiyo najua inavyotokea. Ukiwa kwenye R (programu ya takwimu na grafu) ukaweka mfrow, yaani mpangilio wa vigrafu kwenye ukurasa, ya mbili kwa mbili, programu inashusha maandishi hadi 0.83 ya saizi yake bila kukuambia, na safu zikifika tatu inashusha hadi 0.66, alafu picha inaenda kwa mpanga kurasa naye anaibana tena ili itoshe, mwisho wa siku namba zinabaki nukta nukta. Mwambieni mchoraji airudishe cex (saizi ya maandishi) kuwa 1 baada ya kuweka mfrow, sio kabla, na achore kwa upana ule ule utakaochapwa. Kichwa cha pamoja anakiweka kwa mtext (amri ya kuandika pembezoni) yenye outer=TRUE, ila lazima kwanza atenge nafasi kwa oma (ukingo wa nje wa picha nzima), maana nafasi ya nje mwanzoni ni sifuri na maandishi yanapotea tu, hakuna hata onyo (hili lilishanilia jioni nzima).

Kama anatumia matplotlib, ile ya kuchorea grafu kwa lugha ya Python, ndo rahisi zaidi. Amri ya plt.title inaandika kwenye kigrafu kimoja tu, kwa kawaida kile cha mwisho, watu wengi wananaswa hapo. Atumie suptitle kwa kichwa cha zote, na tangu toleo la 3.4 la mwaka 2021 kuna supxlabel na supylabel, yaani "Mvua (mm)" unaiandika mara moja pembeni na imetosha. Akiongeza layout='constrained' maandishi hayapandani.

Lakini kilichoniudhi haswa ni mhimili wa wima. Kigrafu kimoja kinaishia 50, jirani yake 400, na vilele vyote viko urefu sawa! Nikadhani vituo vyote vinanyeshewa sawasawa, mpaka nilipoinamia namba. Kwenye matplotlib sharey=True inamaliza hilo kwa kuvipa vigrafu kipimo kimoja cha wima, au kwenye ggplot2 (nyongeza ya R ya kuchorea grafu) aache kuweka scales="free_y", inayoachia kila kigrafu kipimo chake. Kuna wakati kuachanisha vipimo kuna sababu, mfano kituo kikavu kingeonekana mstari umelala chini tu, sawa, ila basi andikeni hapo chini ya picha kwamba kila kigrafu kina kipimo chake.

Naomba mzitoe tena zile zile sita zikiwa zimerekebishwa. Na lile jina "kituo_03" ni la kwenye faili la data, labeller ya ggplot2 ingelibadilisha kuwa jina la kueleweka kwa mstari mmoja. Ni wapi huko jamani?

Msomaji wenu wa kila siku