Wifi, harusi imeisha: sasa tule nini?

Wifi yangu,

Salaam kutoka huku Mikindani, Mtwara. Hongera ya kupungua nilikupa siku ya harusi, ila mbele za watu nilitoa nusu. Nusu iliyobaki naileta leo, tena hadharani, kwa sababu hukuwa peke yako: kwenye sinia letu walikuwepo wengine waliokuja na njaa ya wiki nzima ili gauni liingie.

Gauni limeingia, picha zimepigwa, sare imerudi kabatini. Sasa niambie: Jumanne ya kawaida ya mwakani, hakuna harusi wala mgeni, wewe na kaka yangu na watoto mtakuwa mnakula nini? Kama jibu hulijui, basi hizo kilo zimekwenda matembezi tu, na zinajua njia ya kurudi.

Ile chai ya kukata tumbo uliyoagiza kwa simu, iweke pembeni. Chai nyingi za namna hiyo zina sanamaki, dawa ile ile ya kufungua choo waliyoijua bibi zetu. Unachopunguza ni maji na kilichomo tumboni. Mafuta yako yapo palepale. Hata bila chai, ukikata chakula ghafla mizani hushuka mbio wiki ya kwanza, maana mwili hutumia kwanza wanga uliouweka akiba kwenye ini na misuli, na wanga huo hukaa pamoja na maji. Maji yakitoka unaona kilo zimeondoka, unafurahi, unatuma picha kwenye grupu la familia. Mafuta huondoka polepole. Nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri kabisa.

Halafu kuna njaa. Uliniambia unasikia njaa sasa kuliko kabla hujaanza, ukasema ni ulafi. Si ulafi. Mwaka 2011 watafiti wa Melbourne, Australia, walichapisha habari za watu wanene waliowaweka kwenye chakula kidogo sana kwa wiki 10. Walianza watu 50. Mwaka mmoja baadaye homoni zao zilikuwa bado hazijatulia: grelini, inayoita chakula, ilikuwa juu kuliko mwanzo, na leptini, inayosema imetosha, ilikuwa chini. Na mwili uliopungua unatumia nguvu kidogo kuliko ule wa zamani. Ukirudi kwenye sahani yako ya zamani, utarudi kwenye uzito wako wa zamani.

Kwa hiyo mimi nina msimamo mmoja tu: usianze mlo ambao huwezi kuupika kwa sufuria moja na nyumba nzima ikala, miaka na miaka. Maji ya ndimu usiku si mlo wa mtu mwenye mume na watoto watatu. Na hao wanaokwambia uache ugali kabisa, waulize wao wana umri gani na wamekaa Mtwara muda gani. Ugali ule, wa muhogo au wa dona, ila uwe tonge la upande mmoja wa sahani. Sahani yako ya sasa, wifi, naijua: ugali umekaa kama mwenye nyumba, na mchicha umekuja kusalimia. Geuza. Kisamvu, matembele, mchicha, bamia vichukue nusu ya sahani, samaki au mbaazi robo, ugali robo.

Na hapo mbaazi naomba niziongelee kidogo, kwa sababu huku kusini tunazidharau. Tumezizoea kama zao la kuuzia India, mpaka 2017 India ilipoweka ukomo wa kuagiza na bei ikaanguka. Lakini ni chakula cha maana: zina protini, zina nyuzinyuzi nyingi, na mtu aliyekula bakuli la mbaazi asubuhi hatafuti maandazi saa nne. Kunde na njugu mawe nazo ni hivyo hivyo. Ming'oko, ile mizizi ya porini, ikichemshwa nayo inashibisha, na huna haja ya kuikaanga. Pweza ana protini nyingi na mafuta kidogo sana. Kinachomharibu ni sisi na tui.

Tui ndilo lenye kesi. Ile kasimele, tui zito la kwanza, unayoimimina mpaka mchuzi unakuwa mweupe ina mafuta mengi kuliko samaki mwenyewe. Sisemi uache nazi, maana mchuzi bila nazi kaka yangu hatauita mchuzi. Pikia tui la pili, jepesi, na kasimele weka kijiko kimoja mwishoni ipate harufu. Atanuna. Namjua, nimelelewa naye. Alinuna pia siku Mama alipoacha kukaanga samaki kila siku, baadaye akasahau. Mafuta ya kupima nayo usiyamimine kutoka kwenye kifuko. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina kalori kama 120, na mkono hauna kipimo.

Sukari ni rahisi zaidi kuliko watu wanavyodhani. Shuka kutoka vijiko vitatu hadi viwili, kaa hapo mpaka ulimi uzoee, halafu kimoja. Soda ya chupa peke yake inakaribia vijiko tisa vidogo. Iache kwa wageni.

Korosho sasa. Msimu unakuja, minada itaanza, hela itaingia na kila nyumba itakuwa na kikapu cha za kukaanga sebuleni. Korosho si adui: mafuta yake mengi ni mazuri kwa moyo. Lakini gramu 100 zina kalori kama 550, na gramu 100 mnazimaliza mkisubiri taarifa ya habari. Chota kiganja kimoja, weka kwenye kisosi, kikapu rudisha jikoni. Nyumba yenye kikapu mezani haiwezi kushinda, hata mkiwa na nia ya chuma.

Chakula kina nafuu. Kazi iko kwa watu. Ukipungua huku kwetu utaulizwa unaumwa nini. Jirani atakushika mkono kwa huruma. Shangazi atamwambia kaka yangu hadharani kwamba hakutunzi, na kaka yangu, kwa aibu, atakuletea chipsi mayai usiku. Mtu mwenye mwili kwetu ndiye anayeonekana ameolewa vizuri, kwa hiyo kupungua kwako kunawagusa wengi zaidi ya wewe. Wape jibu fupi. Sema presha ilikuwa inapanda na daktari alisema kupunguza hata asilimia 5 hadi 10 ya uzito kunasaidia. Ni kweli, na neno presha huwanyamazisha watu haraka kuliko maelezo marefu ya mboga.

Na kwenye shughuli, kula. Pilau ya unyago haiachwi, na kumkatalia mwenye shughuli ni vibaya. Ila sinia halina kipimo, wenye haraka hula mara mbili bila kujua. Kula taratibu, upande wako, uongee sana. Kuongea unajua.

Huko Marekani tangu 1994 kuna watafiti wanaoandikisha watu waliopunguza angalau kilo 13 na ushei wakakaa mwaka mzima au zaidi bila kuzirudisha. Wanajiandikisha wenyewe, kwa hiyo si kila mtu yuko kama wao, lakini tabia zao zinafanana: wengi hawaruki chakula cha asubuhi, hujipima angalau mara moja kwa wiki, hufanya mazoezi, hasa kutembea, karibu saa nzima kwa siku, na Jumapili hula kama Jumatano. Wewe toka kwako Shangani hadi sokoni kwa miguu, bodaboda panda wakati wa kurudi na mzigo.

Kama mizani huna, mwombe fundi wa cherehani utepe, pima kiuno kila Ijumaa. Usitegemee dera. Dera halikwambii kitu mpaka mambo yameharibika. Vaa sketi yenye kifungo mara moja kwa wiki.

Mama akisikia atataka kula kama wewe. Mpeleke kliniki kwanza, anameza dawa za sukari, na akipunguza chakula ghafla dawa ile ile inaweza kumshusha sukari kupita kiasi.

Jumamosi njoo na watoto, nitapika mbaazi kwa tui la pili. Kaka akinuna, mwambie anipigie mimi.

Wifi yako wa Mikindani