Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Wanafunzi Wageni, Mombasa, Mwaka 2025

Ndugu wanachama, wanakamati wenzangu, na walezi wetu mliotuheshimu kwa kufika: salaam aleikum, na wengine wote hamjambo.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Tulipokea wapya Januari na Septemba. Tulifuturu pamoja mara moja mwezi wa Ramadhani, pilau ikaliwa ikaisha. Juni tulizuru Fort Jesus tukiwa watu 9, na hao 9 ni wale wale wa siku zote. Darasa la Kiswahili la Jumamosi kwa ndugu zetu wa Bujumbura na Juba lilikwenda vizuri mpaka Agosti, mwalimu alipohitimu akarudi kwao Unguja. Wanachama wa Bukavu waliomba wasikalishwe na wanaoanza, kwa kuwa Kiswahili wamezaliwa nacho, hata kama wakisema "batu" badala ya "watu" pale soko la Kongowea wauza nyanya wanacheka. Kamati ilikubali ombi lao. Timu ya mpira ilicheza mechi 4 na kufungwa 3. Ya nne ilivunjwa na mvua.

Sasa nije kwenye chumba, kile tulichokodi ili wageni wapya walale mpaka wapate pao. Najua wengi wenu mmekuja kwa ajili hiyo, maana mahudhurio ya leo si ya kawaida.

Maneno yamesemwa mengi: kwamba mwenyekiti amekodi chumba kwa pesa za chama bila ya idhini ya wanachama, kwamba chumba hicho kiko kwenye ploti anayoishi yeye mwenyewe hapa Tudor, na kwamba tangi la maji la lita 1,000 limenunuliwa ili mwenyekiti aoge. Nitajibu yote matatu.

La idhini. Mkutano wa kulijadili uliitishwa Februari. Katiba yetu inataka theluthi ya wanachama, yaani watu 21 kati ya 63. Walikuja 13. Tulingoja kutoka saa nane mpaka saa kumi, katibu akapiga simu mpaka kredi ikamwishia. Katiba inaruhusu kamati kuamua jambo la dharura mkutano usipotimia, nasi tukaamua. Aliyekuwa na pingamizi siku ile alikuwa na nafasi ya kuja kulitoa.

La ploti. Ni kweli, chumba kiko ninapoishi. Kabla ya hapo nilizunguka kwa miguu yangu wiki 3, Tudor, Majengo mpaka Kisauni. Mwenye nyumba akisikia "mwanafunzi mgeni" anataka kitambulisho cha Kenya, ambacho mgeni hana, au anataka kodi ya miezi 3 mbele. Mmoja aliniuliza kama hao wageni wangu "wanapika vitu vya harufu". Mwenye ploti yetu peke yake ndiye aliyekubali, na alikubali kwa sababu ananijua na sijawahi kuchelewesha kodi tangu 2022. Nilidhani jambo hilo lingehesabiwa kuwa faida kwa chama.

La tangi. Silali chumbani mle wala sitegemei maji yake, isipokuwa siku 2 za Mei mabomba yalipokauka mtaa mzima. Nilichota madumu 4 nikayalipia, na mweka hazina ana risiti. Nimemwomba aje nayo leo.

Na kwa nini chumba? Wengi mmeshasahau mlivyofika. Mimi sijasahau. Nilitoka Tanga kupitia Horohoro na Lunga Lunga, nikijiambia nakwenda kwa watu wa lugha yangu, shida iko wapi. Pale Likoni nilishuka na abiria wenzangu tupande feri kwa miguu, nikaanza kutafuta dirisha la kulipia, kwa kuwa kivuko cha Kigamboni, Dar es Salaam, nimezoea kulipa. Watu wakanicheka: kivuko ni bure kwa mtembea kwa miguu. Nikaona nchi hii ni ya neema. Upande wa pili nikauliza bajaji, wakaniambia hapa ni tuktuk, na mpaka Tudor ni mia tano. Moyoni nikasema, jero tu! Nikatoa bila ya kupatana. Usiku nilipokaa kupiga hesabu nikaona kwamba shilingi moja ya hapa inakaribia 20 za kwetu. Wiki ile ilimalizika kwa mbaazi na mahamri, asubuhi na jioni.

Hayo ni ya mtu anayejua Kiswahili. Septemba, basi la Nairobi lilimteremsha Mwembe Tayari mwenzetu mmoja kutoka Bujumbura, saa kumi za alfajiri. Anajua Kifaransa na Kirundi. Simu yake ilikuwa na laini ya kwao na chaji imekwisha. M-Pesa hana. Alikalia sanduku lake, mkoba ameukumbatia kifuani, mpaka mzee mmoja muuza kahawa akamwita asogee karibu na makaa, akammiminia kikombe, akamwashiria aandike namba anayoijua. Akaandika yangu, ya kichwani, kwa kidole kwenye vumbi la meza ya mzee. Simu ilipolia nilidhani ni msiba. Nilikwenda kwa bodaboda, nikamlipa mzee kahawa yake, akakataa.

Tulimleta chumbani. Mabomba yalikuwa makavu tangu Jumatatu, na tangi tulikuwa tumelijaza maji ya kisima kutoka kwa watu wa mikokoteni. Alipewa ndoo na kipande cha sabuni. Baada ya nusu saa alitoka na sabuni mkononi, akamwonyesha mwenzetu wa Bukavu anayeelewa Kifaransa: sabuni hii ni ya bandia, haitoi povu. Akaelezwa kwamba sabuni ni nzima, ila maji ya kisima hapa yana chumvi. Alilala siku 11 kwetu. Katika siku hizo alisajili laini kwa pasipoti, akafungua M-Pesa, akapata chumba Majengo pamoja na wenzake wawili. Bila ya chumba angelala wapi? Nawauliza wale waliosema pesa zimepotea.

Hesabu ni hizi, na mweka hazina atazisoma kwa urefu. Tulianza mwaka na shilingi 18,300. Ada zilizoingia ni 61,400, michango ya wanachama wa zamani 45,000 (nyingi niliziomba mimi mwenyewe kwa simu), na malipo ya waliolala chumbani, kwa shilingi 100 kila usiku, 21,400. Jumla 146,100. Matumizi: kodi ya miezi 10 pamoja na amana, magodoro 5 na tangi, 119,000. Futari, safari, mpira, karatasi na nauli, 19,700. Zimebaki 7,400, ambazo hazitoshi kodi ya mwezi ujao.

Zingetosha kama ada zingelipwa. Shilingi 200 kwa mwezi ni nauli za matatu za siku mbili tatu. Kwa wanachama 63 ilitakiwa ipatikane 151,200. Waliomaliza ni 17. Walio nusu nusu ni 35. Kumi na mmoja hawajatoa hata senti, na katika hao yumo aliyeongea kwa sauti kubwa kuliko wote juu ya tangi. Simtaji. Amekaa safu ya nyuma.

Mahudhurio nayo ni yale yale. Mikutano 9, wastani wa watu 14. Mkutano wa Julai tulikuwa 6, na mmoja alikuwa amekuja kuulizia magodoro. Nikiitisha Jumapili naambiwa ni siku ya kufua, nikiitisha Jumamosi naambiwa watu wako ufukweni.

Jambo moja la lazima kabla sijamaliza. Mgeni anayekaa Kenya zaidi ya miezi 3 anatakiwa kujiandikisha na kuchukua kadi ya mgeni. Pasi ya mwanafunzi haichukui nafasi yake. Msiseme "sisi ni Jumuiya". Kongo ya Kinshasa iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022 na Somalia 2024, ila Komoro haimo, na hata walio wanachama wanajiandikisha. Ndugu zetu wa Moroni, huko Komoro, wafike kwa katibu wapate maelekezo.

Kwa mwaka ujao kamati inatarajia, Mungu akipenda, kupata mwalimu mwengine wa Kiswahili, kumbembeleza mwenye nyumba apunguze kidogo, na pengine kuongea na vyuo vitupe barua ya kututambua. Kuna mfadhili mmoja ameonyesha nia. Tutawajulisha.

Mwisho, sufuria kubwa ya chama iliyotoka usiku wa futari haijarudi mpaka leo, na mfuniko wake. Aliye nayo anajijua. Airudishe chumbani, hata usiku, hataulizwa kitu.

Wenu,
Mwenyekiti