KUH: MALALAMIKO KUHUSU RUHUSA ZINAZOBAKI BAADA YA TENANTI TANZU KUHAMISHWA

Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Shirika letu linaendesha vituo vya afya katika ngazi tatu: makao makuu, kanda na vituo. Tulichagua programu yenu ya usimamizi wa utambulisho kwa sababu mkataba unaeleza kwamba kila ngazi itakuwa tenanti inayojitegemea (yaani sehemu yake yenyewe ndani ya mfumo, yenye watumiaji na ruhusa zake), na kwamba tenanti tanzu itarithi ruhusa za tenanti mama iliyo juu yake kwa wakati huo, si nyingine yoyote.

Sivyo inavyofanya kazi. Mwezi uliopita tulikihamisha kituo cha Kahama kutoka Kanda ya Ziwa kwenda Kanda ya Magharibi. Kwenye skrini mpangilio ulionekana umebadilika sawasawa, lakini msimamizi wa Kanda ya Ziwa aliendelea kuona orodha ya watumishi wa Kahama, na tulipomwomba ajaribu mbele yetu kubadili nywila ya mhudumu wa maabara, mfumo ulikubali. Kwa nywila hiyo angeweza kufungua majalada ya wagonjwa. Tulifuta tokeni zake zote (vibali vya muda ambavyo mfumo humpa mtumiaji akishaingia), akaingia upya, hali ikabaki ileile. Ndipo tulipobaini kwamba ruhusa hazirithiwi kwa kuangalia nani yuko juu ya nani, bali hunakiliwa siku tenanti tanzu inapofunguliwa, na nakala hizo haziondolewi baadaye. Kibaya zaidi, kumbukumbu za matukio ziliandika badiliko lile chini ya Kanda ya Ziwa, mahali ambapo msimamizi mpya wa Kahama hana ruhusa ya kusoma.

Mafundi wenu wametushauri tuifute tenanti hiyo na kuifungua upya. Ushauri huo hatuukubali, kwa sababu tutapoteza namba za utambulisho ambazo mfumo wetu wa wagonjwa unazitegemea kuonyesha ni mtumishi gani alifungua jalada la nani. Mpangaji aliyehama akibaki na ufunguo, hubadilishwa kitasa, haibomolewi nyumba.

Taarifa za afya ni taarifa binafsi nyeti kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mkusanyaji atakayehojiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni sisi, ilhali ninyi ni mchakataji tu, anayezishughulikia taarifa hizo kwa niaba yetu. Wagonjwa wetu hawajui jina la programu yenu, wanatujua sisi.

Kwa hiyo tunataka, ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii, mtupatie orodha kamili ya ruhusa zote zilizobaki kutoka kwa tenanti mama za zamani na mziondoe bila kugusa akaunti za watumishi, pamoja na tarehe ya maandishi ya toleo litakalokagua urithi kila mtumiaji anapoomba kuingia. Hadi hapo tumesitisha kuhamisha kituo chochote, na suala la kuongeza mkataba halitajadiliwa.

Wako mwaminifu,

Mkuu wa Kitengo cha TEHAMA