Weka grenda chini kwanza

Ndugu yangu Hamisi,

Salaam nyingi wewe na wa nyumbani. Kimya kilikuwa kirefu, tutakijadili siku nyingine, maana picha zako nimezipata na ile ya pili, yenye alama za chaki za kukata na kurefusha kwenye mabomba manne ya fremu inayoshika injini, ndiyo inayonifanya niandike leo leo. Tafadhali mwambie Juma aweke grenda chini. Usiikate hiyo fremu ya injini bado.

Kutoa injini ya Continental O-200 kwenye ndege yako na kuweka Rotax 912 ULS sina ubishi nako. Nguvu ni ileile, farasi 100. Linalonisumbua ni neno lako kwamba injini ni nyepesi, kwa hiyo fremu itapumua. Haitapumua, Hamisi. Itabeba zaidi ya zamani. Fuatana nami kwenye hesabu.

Nachukua tarakimu za mfano. Zako zitatoka kwenye mizani, injini ikiwa na ekzosi, mafuta, maji na rejeta zake. Tuseme ya zamani ni kilo 100, na imekaa mita 1.20 mbele ya kitovu cha uzito cha ndege. Momenti, yaani uzito mara umbali, ni 120. Mpya ni kilo 75. Ili kitovu kisihame, gawanya 120 kwa 75, unapata mita 1.60. Yaani pua irefuke sentimita 40! Pua ya namna hiyo inalinyang'anya pezi la mkia kazi yake, kwa sababu ubavu wote ulioongeza mbele unasukumwa na upepo, na ndege haitaki tena kwenda moja kwa moja. Kwa hiyo anza na betri. Ukiitoa nyuma ya kiti, mita 0.80 nyuma ya kitovu, ukaifunga kwenye fayawoli, ule ukuta kati ya injini na chumba cha rubani, mita 0.80 mbele, kilo 7 hizo zinakupa momenti 11.2. Sasa injini inahitaji 108.8 tu, na urefu unaoongeza unashuka hadi sentimita 25. Usiguse chuma kabla hujamaliza kuhamisha vitu vya bure.

Hizo 25 ndizo zinazoiumiza fremu. Chukua mzigo wa 4g, yaani mara nne ya uzito wa kawaida, zidisha kwa 1.5 ya usalama, unapata 6. Injini ya zamani, sentimita 45 kutoka fayawoli: 100 × 6 × 0.45 = 270. Mpya, sentimita 70: 75 × 6 × 0.70 = 315. Ndoo ya maji hata ukiipunguza, ukinyoosha mkono bega ndilo linalolia. Kama bolti za juu na za chini zimeachana sentimita 50, kila bolti ya juu ilikuwa ikivutwa kwa kilo 270, sasa ni 315.

Na mabomba ya chini, yale yanayobanwa, hali yao ni mbaya zaidi. Bomba jembamba likibanwa halikatiki, linapinda ghafla, na nguvu yake ya kukataa kupinda inashuka kwa mraba wa urefu. Kutoka sentimita 50 hadi 75 unabaki na asilimia 44. Bomba lako la robo tatu inchi lenye unene wa inchi 0.049 halitoshi. Bomba la inchi 1 lenye unene wa 0.035 lina uzito karibu uleule kwa futi, na ukinzani wake ni mara 1.86, lakini hata hilo linakufikisha asilimia 83 tu ya ulipokuwa. La inchi 1 kwa 0.049 ndilo linalokurudisha karibu na pale pa zamani. Au weka bomba la mshazari linaloligawa hilo katikati, ambalo mimi nalipenda zaidi, kwa sababu fremu inahitaji pembetatu kila upande hata hivyo. Sababu ni msokoto: 912 ULS inatoa nyutoni-mita (Nm) 128, giaboksi inazidisha kwa 2.43, propela inapata kama 311. O-200 ilikuwa yapata 260. Kanuni za zamani za Part 23 za Marekani, za ndege ndogo, zinataka msokoto wa injini ya silinda nne uzidishwe mara 2. Kisanduku kisicho na mshazari kitasokotwa.

Sasa rudi kwenye zile chaki. Mabomba yako yanakaribiana yakienda mbele. Ukiyaunga vipande, ncha zitapita mahali pa kufungia injini, na ile pembe ndogo ya kuelekeza propela, ambayo mbunifu aliiweka kwa makusudi, itapotea. Njia za kuunga bomba kwa mdomo wa samaki na matundu ya kuchomelea, zilizomo katika AC 43.13-1B, mwongozo wa Marekani wa kutengeneza ndege, ni za kurudisha fremu ilivyokuwa. Kurefusha ni ubunifu mpya. Jenga fremu mpya, ya zamani iache nzima.

Jigi, yaani kiolezo cha kushikilia mabomba wakati wa kuchomelea, itoke kwenye fayawoli yenyewe: toboa bamba nene la chuma kupitia matundu yaleyale, na bamba la pili kwa matundu manne ya injini. Chuma ni 4130, aloi ya ndege, si bomba la duka la vitanda. Kila ncha ikae bila mwanya, isafishwe kwa asetoni. Chomelea kwa TIG, ile ya umeme na gesi, fimbo ya kujazia ER70S-2. Piga nukta za kushikiza kote kwanza, kisha chomelea ukihama kutoka kona hadi kona ya mkabala. Maji marufuku, feni marufuku: 4130 ikipoa haraka inakuwa ngumu na kukatika kandokando ya mshono. Juma asisawazishe mshono kwa grenda, hata kama anataka upendeze. Acha kitundu kidogo cha kupumulia kwenye bomba lililofungwa, la sivyo hewa moto italipua mshono wa mwisho. Huko pwani kwenye chumvi, mimina mafuta ya kitani ya moto ndani, yamwage, kisha ziba. Rangi iwe nyeupe na nyembamba, ufa uonekane mapema.

Jaribu kwa mifuko ya mchanga juu ya injini bandia ya vyuma. Kilo 300 ni mzigo wa 4g: pakua, pima, kila tundu lirudi lilipokuwa. Ukitaka kufika 450, yaani ile 6g, tengeneza fremu ya pili ya kuharibu, kwa maana iliyofikishwa huko isiruke. Bolti za AN6, zile za ndege za inchi 3/8, zikazwe inchi-pauni 160 hadi 190, nati yenye pini.

Sasa nijibu. Mguu wa gurudumu la mbele umeshika fremu au bodi? Kama ni fremu, mizigo ya kutua inaingia na nusu ya niliyoandika inabadilika. Mbunifu umemwandikia? Huenda anayo fremu ya 912 tayari, na hapo nunua tu. Mkaguzi wa KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, ameona michoro? Ekzosi itapita umbali gani na mabomba? Na bolti zako kweli ni AN6?

Mama Neema anakusalimu, anauliza zile korosho.

Wako,
Salim