Kisigino cha Chama

Temeke, Dar es Salaam
24 Desemba 2018

Swahiba yangu,

Assalaam aleikum. Huku sote wazima, nyumbani kwangu na kwenu pia. Namba yako ya Zambia haipatikani tangu Jumamosi ile ya Kitwe, na ya huku umeizima, kwa hiyo barua hii nampa Baba Zuhura. Anapakia leo, anaondoka keshokutwa. Akikukuta Nakonde mpakani, kwenye foleni ya malori, atakupa mkononi.

Neno lako la mwisho kwangu lilikuwa "wametumaliza". Ulikuwa umetoka uwanjani, umewaona Nkana ya Kitwe kwa macho yako wakiifunga Simba yetu 2-1, na mimi sikuwa na la kukujibu. Leo ninalo. Jana tumewapiga 3-1! Jumla 4-3, tumeingia makundi ya Klabu Bingwa Afrika!

Najua habari imeshakufika, huwezi kukaa na Wazambia siku nzima usiijue. Lakini matokeo siyo mpira wenyewe, acha nikupe mpira wenyewe.

Nilifika Uwanja wa Taifa mapema, jua la Desemba unalijua, viti vinaunguza. Nikakaa mzunguko, upande wetu ule ule. Hesabu ilikuwa nyepesi: moja bila inatosha, bao letu la ugenini kule Kitwe litatubeba. Basi hatujatulia vizuri, Bwalya wao huyo, katufunga! Swahiba, uwanja ulinyamaza mpaka nikamsikia muuza karanga akitikisa sarafu zake mkononi. Mzee mmoja mbele yangu alivua kofia akajifunika uso. Watani wetu wa Yanga waliokuja kuwashangilia Nkana ndio peke yao walikuwa wanaruka. Sasa tunataka matatu. Mawili yanatupeleka kwenye matuta ya penalti, na Kessy, beki wetu wa zamani, naye siku hizi ni mtu wao.

Mkude akasawazisha. Kabla ya mapumziko Kagere akaweka la pili, nikapata nguvu ya kununua maji. Kipindi cha pili chote ni mateso. Tunashambulia, mpira hauingii, dakika zinakwenda, kila Nkana wakivuka katikati moyo unadondoka. Pembeni yangu dada mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuwa ameuma ncha ya kanga yake, hasemi. Ikafika dakika ya themanini na kitu, watu wameanza kupanga nani apige matuta.

Halafu Clatous Chama, kiungo wetu. Mpira unamfikia ndani ya boksi, goli liko mgongoni kwake, na mtu mwingine yeyote angetuliza kwanza, angegeuka, wangemkaba. Yeye kagusa kwa kisigino tu. Kisigino, swahiba! Pale palikuwa na kitambo kidogo sana ambacho hakuna aliyepiga kelele, kwa sababu hatukuelewa amefanya nini. Kisha wavu ukacheza. Nilijikuta nimemkumbatia mtu nisiyemjua, jezi yake imelowa jasho, anasema sikioni kwangu "asante, asante", kama mimi ndiye niliyefunga. Mzee wa kofia aliirusha kofia yake juu na sikuiona ikirudi. Na aliyewatoa Wazambia ni Mzambia mwenzao! Nalala nakiona kile kisigino, naamka nakiona.

Lakini kilichonifanya nishike kalamu siyo hicho peke yake. Nilipotoka sikwenda Msimbazi klabuni na wenzangu, nilikwenda Tandika kwa mzee wako. Nilimkuta barazani, redio iko mapajani, ameshaizima, machozi yanamtoka wala hayafuti. Unaikumbuka hadithi yake ya 1979, aliyotusimulia mpaka tukawa tunammalizia sentensi? Mufulira Wanderers wanatupiga 4-0 hapa hapa Dar, jiji zima linatuzika, vijana wanakwenda Lusaka wanashinda 5-0, Thuwein Ally peke yake matatu. Sisi tulikuwa tunaisikiliza kama hadithi za sungura. Jana akanishika mkono akasema, "Sasa na wewe unayo ya kwako." Nikashindwa kumjibu. Ya kwetu tulikuwa nayo moja tu, ile ya Zamalek 2003, kipa wetu Kaseja anapangua matuta kule Cairo, na tuliipata redioni tumebanana mlangoni kwake. Miaka 15! Ya jana nimeiona kwa macho, na kiti cha pembeni yangu kilikuwa chako, wewe uko na lori la shaba sijui...

Basi. Akaniuliza kama umeona. Nikamwambia uliona ya Kitwe. Akasema, "Maskini, kaona ile mbaya." Anataka akusimulie ya jana mwenyewe, alivyoisikia yeye, na mimi amenikataza nisikumalizie. Nimeshaharibu, lakini ukimpigia jifanye hujui chochote, muache aanze na bao la Bwalya. Mguu umemvimba tena ila anakula.

Sasa nijibu. Unashusha lini, na unarudi na mzigo au mtupu? Ile simu imeharibika au umeiuza? Wenzako wa Kitwe wanasemaje kuhusu Chama, wanamlaani au wanajivunia kimoyomoyo? Mechi za makundi zinaanza mwezi ujao, utakuwa umeshavuka Tunduma? Nikukatie tiketi yako? Na mzee tukimpeleka, lile gari la shemeji yako bado linatembea?

Ndimi wako,
wa mtaa wa nyuma