Barua ya wazi kwa Waziri wa mawasiliano: akaunti yangu imefungwa, na hakuna wa kumuuliza

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya mawasiliano na teknolojia ya habari,
Mji wa Serikali, Mtumba,
Dodoma.

YAH: OMBI LA KUSAIDIWA KURUDISHIWA AKAUNTI YA BIASHARA ILIYOFUNGWA NA KAMPUNI YA MTANDAO WA KIJAMII

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa heshima zote, na naomba uniwie radhi kwamba barua hii inakufikia mbele ya watu badala ya kupitia masjala ya wizara yako. Nilikuwa tayari kuendelea kusubiri kimya. Lakini wiki iliyopita mtu nisiyemfahamu alifika karakanani kwangu, hapa Iringa, akiwa ameongozana na askari, akidai kwamba nimekula fedha zake za kitanda na kabati. Nilipomwomba anionyeshe alikozituma, namba ilikuwa si yangu wala jina lililosajiliwa halikuwa langu, ila picha za kazi alizotumiwa zilikuwa zangu zote, hata ile ambayo vijana wangu wanaonekana wakipiga msasa mlango wa mninga. Tuliandika maelezo kituoni. Bwana yule alirudi Dodoma bila kitanda na bila fedha, nami nilinusurika kulala mahabusu kwa sababu tu laini iliyopokea fedha haikuwa na jina langu.

Mheshimiwa, tapeli huyo amepata nafasi ya kuvaa jina langu kwa sababu mwenye jina ameondolewa. Akaunti yangu katika mtandao mmoja mkubwa wa kijamii, pamoja na ukurasa wa karakana uliokuwa ndani yake, ilifungwa na kampuni yenyewe, na aliyefungua ukurasa wa bandia alijaza pengo hilo kwa picha alizokuwa amezihifadhi. Nilipotaka kumripoti, fomu ya kuripoti ilinitaka kwanza niingie kwenye akaunti yangu, ile ile iliyofungwa.

Sababu niliyopewa ni sentensi moja tu, kwamba nimekiuka kanuni za jumuiya. Ni kanuni ipi, kwa chapisho lipi, sikuambiwa mpaka leo. Ninachoweza kufanya ni kukisia. Usiku wa kuamkia siku niliyofungiwa nilipokea barua pepe ikisema kwamba kuna kifaa kimeingia kwenye akaunti yangu kutoka nchi nyingine, na kwamba akaunti nyingine nisiyoijua imeunganishwa na yangu. Mafundi wenzangu waliopatwa na jambo kama hili wanasema ndivyo wezi wanavyofanya: wanaunganisha akaunti yenye uchafu na ya mtu asiye na hatia, kisha mashine inazihukumu zote mbili kwa pamoja. Wengine wanasema huenda ni washindani walioniripoti kwa wingi. Siwezi kujua ni lipi, kwa kuwa hakuna binadamu aliyewahi kunijibu.

Nilifuata kila hatua niliyoelekezwa. Nilikata rufaa, nikapiga picha ya kitambulisho changu cha NIDA pande zote mbili, nikajirekodi video ya uso nikigeuka kushoto na kulia kama ilivyotakiwa. Namba ya siri ya uthibitisho wakati mwingine ilifika, wakati mwingine haikufika kabisa. Majibu yaliyorudi yalikuwa maneno yale yale, yakija upesi kiasi kwamba siamini kuna macho yaliyotazama nilichokituma. Na juu ya yote nimewekewa siku 180 tangu siku ya kufungiwa, zikipita hizo akaunti inafutwa moja kwa moja na hakuna tena nafasi ya kuomba. Siku zilizobaki si nyingi.

Naomba uelewe kilichomo ndani ya akaunti hiyo, kwa maana wapo wanaodhani tunalilia picha na salamu. Mteja wa Mbeya aliyeagiza milango ya nyumba nzima alinitumia vipimo vya kila fremu kwa ujumbe wa mtandao huo, chumba kwa chumba, pamoja na rangi ya vanishi aliyoitaka. Makubaliano ya bei, tarehe za kukabidhi kazi, ushahidi kwamba nimepokea nusu ya fedha na nyingine italipwa mzigo ukifika, vyote vimo humo. Mbao za kazi yake nimekwisha kuzinunua na kuzipiga randa. Wapo wateja ambao sina hata namba zao za simu, tulikuwa tukiwasiliana kwa mtandao peke yake, na hao leo wanaamini nimekimbia na malipo yao ya awali. Nitawafikiaje niwaambie kwamba kazi zao zipo? Marejesho ya mkopo wa kikoba yamenielemea, na kijana mmoja kati ya wanaojifunza kazi kwangu nimelazimika kumwambia akae nyumbani kwanza, maneno yaliyonichoma kuyasema kwa sababu ni mimi niliyemwahidi mama yake kwamba nitamfanya fundi.

Mheshimiwa, hatukwenda mitandaoni kwa kubahatisha. Viongozi wetu wametuhimiza kwa miaka sasa, mikutanoni na redioni, kwamba kijana asisubiri ajira, atumie simu yake kutafuta soko. Serikali imeweka hata Mkakati wa Taifa wa Uchumi wa Kidijitali wa mwaka 2024 hadi 2034. Tuliitika. Tulinunua vifurushi, tukalipia matangazo, tukajenga jina picha kwa picha. Ninayekuandikia ni mmoja wa waliowaamini, na nataka kuendelea kuwaamini.

Kinachoniumiza ni kwamba serikali haishindwi kuzifikia kampuni hizi inapoamua. Sheria ya Fedha ya mwaka 2022 ilianzisha kodi ya asilimia 2 kwa kampuni za nje zinazotoa huduma za kidijitali kwa watu wa hapa. Naunga mkono kodi hiyo kwa moyo wote, anayevuna kwetu achangie. Ila kama mkono wa serikali unafika kwenye kodi, naomba ufike pia pale ambapo mwananchi aliyelipia matangazo amefungiwa bila maelezo. Mwenye nyumba akimfungia mpangaji fremu ya duka na bidhaa zikiwa ndani, mpangaji ana mwenyekiti wa mtaa wa kumwendea, ana baraza, ana mahakama. Mimi nimefungiwa kazi zangu zote na mwenye nyumba ambaye simjui na ambaye sijapata mlango wa ofisi yake popote hapa nchini.

Wala siombi jambo lisilowezekana. Katika Umoja wa Ulaya, Sheria ya Huduma za Kidijitali, inayotumika kikamilifu tangu tarehe 17 Februari 2024, inazilazimisha kampuni hizi kumpa mtumiaji aliyefungiwa sababu zilizo wazi, kumwachia muda usiopungua miezi sita wa kulalamika, na kutoacha uamuzi wa malalamiko hayo mikononi mwa mashine peke yake. Asiporidhika, anaweza kwenda kwa chombo huru cha usuluhishi. Jirani zetu Kenya, mwezi Septemba 2024, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kampuni kubwa ya mitandao ya Marekani inaweza kushtakiwa katika mahakama za huko, ingawa ilijitetea kwamba haina makazi nchini humo. Na sisi wenyewe tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inayompa mtu haki ya kuzipata taarifa zake na haki ya kupinga uamuzi mzito uliotolewa na mtambo bila binadamu kuhusika. Fundi wa Iringa anastahili kunufaika na sheria hiyo sawa na mtu mwingine yeyote, hata kama aliyeshika taarifa zake yuko ng'ambo ya bahari.

Kuthibitisha kwamba mimi ni mimi si kazi ngumu kwa dola. Laini yangu imesajiliwa kwa alama za vidole, namba yangu ya NIDA ipo, leseni ya biashara ipo, karakana haijahama. Wakala wa simu aliye mtaani kwangu ana kifaa cha kunitambua kwa kidole kimoja. Hapa ndipo wizara yako inaweza kusaidia, kwa kuzitaka kampuni hizi ziwe na mwakilishi anayejulikana nchini, anayesoma Kiswahili, ambaye mtu aliyefungiwa anaweza kumpelekea vielelezo vyake na kupata jibu lenye sababu. Tusipopata mtu huyo, vijana watazidi kuwalipa wale wanaojitangaza kuwa mafundi wa kurudisha akaunti, ambao wengi huchukua fedha na namba ya siri kisha hutoweka. Nami nimeshafuatwa na watu hao, na nimewakatalia.

Naelewa kwamba utaratibu wa namna hiyo hauwezi kukamilika kwa mwezi mmoja. Ndiyo maana ninachoomba leo ni kidogo. Naomba wizara yako iiandikie kampuni hiyo, ambayo jina lake na vielelezo vyote nitavikabidhi nitakapoitwa, isitishe kuifuta akaunti yangu siku 180 zitakapotimia, mpaka binadamu atakapokuwa ameisoma rufaa yangu. Akiisoma akaona nina kosa, anionyeshe kosa lenyewe. Asipoliona, anifungulie, ili niwatafute wateja wangu mmoja mmoja na kuwakabidhi kazi walizolipia. Naomba barua hiyo moja, Mheshimiwa, na naomba iandikwe kabla siku hazijaisha.

Nipo tayari kufika Mtumba siku yoyote nitakayopangiwa.

Wako mtiifu,
Fundi seremala,
Manispaa ya Iringa.